Kilio Kwenye Basi la Mesaimeer

Iko Ijumaa moja ya Januari ambayo hainitoki moyoni, mwanangu. Keti hapa kitandani kwangu, jifunike hilo blanketi, nikusimulie. Tangu baridi ianze nakuona kila Ijumaa umegeukia ukuta, simu kifuani, na sikukuambia neno kwa sababu uchovu wa kazi za ndani naujua. Lakini leo nitasema.

Nilikuwa binti kama wewe, nimetoka Njombe, sijamaliza hata mkataba wangu wa kwanza hapa Doha. Nilifanya kazi kwenye nyumba moja hukuhuku mtaa wa Muaither: kufua, kupiga pasi, kuwaogesha watoto. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Bi Rukia, mtu mzima wa Unguja, mpole lakini asiyependa kurudia maneno. Tulilala chumba kimoja, kule nyuma kwenye mashine za kufulia, na ndoo na makapu ya nguo za watu yalikuwa ndani pamoja nasi.

Bi Rukia alikuwa na desturi yake. Msimu wa baridi ukiingia, kila Ijumaa familia inapokwenda kula kwa bibi yao, yeye huvaa buibui, hutia chai ya tangawizi kwenye chupa, akaenda zake kituoni kupanda basi. Siku nyingine hushuka Kornishi akaitazama bahari. Siku nyingine huzunguka sokoni kule mjini, kwenye vibanda vya ndege, akasikiliza kasuku wakigombana, kisha akarudi mikono mitupu. Kila mara aliniita twende. Kila mara nilimwambia nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, wala hakuninunia.

Sasa basi, Jumatano moja jioni kaka yangu Joeli akanipigia simu kutoka nyumbani. Mama alikuwa amelalamika kifua, wakamkimbiza hospitali ya wilaya, hakurudi. Mazishi ni Ijumaa.

Nilikwenda kwa baba wa nyumba na povu la sabuni bado liko mikononi. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alinipa pole, akainamisha kichwa, akasema mkewe yuko karibu kujifungua, nivumilie mpaka mtoto azaliwe ndipo wanikatie tiketi. Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye. Ningesema nini? Nikaenda kushika pasi, maana mashati ya watoto ya shule yalikuwa hayajaisha, na nakumbuka nilikuwa nanyoosha kola moja ileile mpaka ikaanza kunuka moto.

Ijumaa asubuhi familia ikaondoka. Nilipanga kulala pale pale na kungoja simu ya Joeli, kwa kuwa aliniahidi kwamba wakifika kaburini atanipigia, nisikie wimbo na sala. Bi Rukia akaingia, akalivuta blanketi langu lote akalitupa juu ya kapu.

"Eva, inuka ukaoge."

"Siwezi, Bi Rukia."

"Hujaambiwa uweze. Umeambiwa ukaoge."

Nikamtazama kwa hasira. Akakaa ukingoni mwa kitanda, sauti ikashuka.

"Mwanangu, mama yako anazikwa leo. Utamlilia humu, baina ya ndoo na nguo chafu za watu? Nani atakujia humu akwambie pole? Geti limefungwa. Mie nimeshamuuliza dereva wa jirani, kanieleza mabasi ya kwenda Mesaimeer, kule makanisani kwenu. Nimemuuliza mara mbili ili nisisahau. Twende."

"Wewe utakwenda kufanya nini kanisani?"

"Mie siendi kanisani. Nakupeleka wewe."

Nilioga. Akanivika koti lake zito mwenyewe, akabaki na sweta chini ya buibui na kanga aliyojitanda juu.

Baridi ya hapa watu wa kwetu huicheka, hasa sisi tuliozaliwa kwenye ukungu wa Njombe. Lakini siku ile upepo wa kaskazini ulikuwa umebeba vumbi, jua limefifia, na pale kituoni hapakuwa na ukuta wa kujikinga. Tulisimama hata vidole vikakosa hisia. Basi lilipokuja likatupeleka mpaka kituo kikuu mjini, na pale tukangoja tena jingine. Wakati huo barabara zilikuwa zimechimbwa kila upande, wanatengeneza njia za treni, na kila basi lilizungushwa huku na huku. Bi Rukia alikuwa na magoti mabovu. Alibadilisha tu mguu wa kusimamia.

Tulikuwa tumekwama kwenye foleni, basi limejaa wanaume wa ujenzi waliovaa kofia za sufu, ndipo simu ikalia. Joeli alikuwa anapiga kelele kushinda mvua.

"Eva! Mvua ni kubwa huku, mchungaji anasema tuzike sasa hivi. Uko wapi?"

"Niko kwenye basi."

"Basi gani? Unakuja?"

Swali lile, mwanangu. Kaka yangu mtu mzima, kwa dakika ile alisahau nilipo, akadhani naweza kuwa kwenye basi linaloingia Njombe.

"Siji, Joeli," nikamwambia. "Niko hukuhuku."

Akainua simu juu. Nikasikia kwaya. Nikasikia matone kwenye miavuli. Nikamsikia shangazi akimwita mama kwa jina lake la usichana. Mchungaji akaanza yale maneno ya mavumbi kwa mavumbi, na kabla udongo wa kwanza haujadondoka simu ikakatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena na tena.

Sijui nilitoa sauti gani. Nikamgeukia Bi Rukia.

"Ungeniacha chumbani! Ungeniacha, ningesikia vizuri!"

Alivua kanga aliyojitanda, akanifunika nayo kichwa na mabega, akanivutia kifuani.

"Lia," akasema. "Humu hamna mwenye nyumba. Lia upendavyo."

Nikalia njia nzima. Mwanaume mmoja wa mbele yetu, Mnepali nadhani, aligeuka akanipa chupa yake ya maji, kisha akageukia dirisha asinitazame. Yule mtu hajui lugha yangu wala mimi sijui yake, lakini mpaka leo naukumbuka mgongo wake.

Tulifika Mesaimeer. Getini walinzi wanakagua mifuko, watu wanapita kwa mistari. Bi Rukia akasimama kando.

"Nenda. Nitakungoja hapa."

"Ni baridi, Bi Rukia. Nitakawia."

"Kawia."

Ndani kulikuwa na majengo mengi, na kila chumba kina ibada ya lugha yake, maana huku siku ya mapumziko ni Ijumaa na ndipo Wakristo husali. Nikapita korido moja baada ya nyingine nikisikia watu wakimwimbia Mungu kwa lugha nisizozijua, na nilijiona mpweke kuliko nilivyokuwa kitandani. Nilikuwa karibu kugeuka nitoke. Kisha nikasikia mtu akicheka kwa Kiswahili. Kwenye kona walikuwa Wakenya na Waganda wachache, ibada yao imeisha, wanakunywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Kijana mmoja mlinzi, bado na buti za kazi, akaniona ile kanga kichwani na macho yalivyovimba.

"Sista, kwani umefiwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ni nani?"

"Mama. Wamemzika sasa hivi. Simu imekatika."

Akaweka kikombe chini. "Wacha tukae na yeye kidogo," akawaambia wenzake, na hakuna aliyesema ana basi la kuwahi. Walivuta viti. Mama mmoja wa Kampala akanishika mkono, akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, nikasema. Nikasema alivyokuwa anapanda viazi, alivyokuwa mkali wa kuamka mapema, alivyokuwa anaogopa bata. Wakacheka kidogo. Wakaimba. Yule kijana akasali, na akalitaja jina la mama kwa usahihi, kwa sababu alikuwa ameniuliza kwanza linavyotamkwa.

Walipomaliza akaniuliza, "Na umekuja na nani?"

"Niko na mama yangu," nikasema. "Yuko nje."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Hakuna aliyenisahihisha. Wakainuka wote wakanisindikiza.

Tulimkuta nyuma ya ukuta amekalia kipande cha boksi, amejikunja, midomo imekauka kwa upepo. Chupa ya chai iko mapajani, hajaifungua. Wale Wakenya na Waganda wakapita mmoja mmoja, wakainama, wakampa mkono. "Pole mama kwa msiba." "Pole sana, mama." Nikadhani atawaambia mimi si wake, na yeye hamjui marehemu. Wapi! Alizipokea pole zote, moja moja, akiitikia, "Ahsante, tumeshapoa, ahsante," kama ndugu wa damu aliyefiwa. Kisha akafungua chupa akawamiminia wageni wake chai.

Usiku ule magoti yalimuuma hata akaswali ameketi.

Sitakudanganya kwamba nilipona. Mtoto wa bosi alizaliwa, tiketi ikachelewa, na nilipofika Njombe majani yalishaota juu ya kaburi. Sauti ya udongo ule sikuisikia na sitaisikia. Bi Rukia naye hakukaa sana. Miguu ilimshinda, akarudi Unguja, na baada ya muda nikapata habari kwamba ametangulia. Nilingoja Ijumaa, nikawaomba wanawake wawili wa Tanga wanisindikize Kornishi. Tukakaa kwenye upepo. Mmoja akamsomea Fatiha, nami nikasali kwa namna yangu. Ndiyo matanga niliyoweza kumfanyia.

Sasa sikiliza, mwanangu. Baridi ya nchi hii ni fupi, na likirudi joto utafungiwa ndani na kiyoyozi miezi na miezi. Basi toka sasa. Ninyi mna treni. Basi dogo la bure linakuchukua mtaani mpaka stesheni, tiketi ya siku nzima ni rahisi, na kwenye behewa la familia na wanawake hakuna wa kukusumbua. Nenda Kornishi, nenda kwenye bustani, panda mpaka mji wa Lusail ukaone taa kwenye maji. Beba chai yako na sweta, hutahitaji kununua kitu. Ukimwona mwenzako amegeukia ukuta, mchukue. Akikukasirikia, mwache akukasirikie akiwa njiani. Na mapema, ungali mzima na huna msiba, jua watu wa lugha yako wanakutana wapi na wanafikiwa kwa basi gani. Mimi siku ile nisingeweza kuulizia njia. Alikuwako mtu aliyeniulizia. Sijui kama wewe utampata.

Mungu awatunze uliowaacha nyumbani, uwakute wote. Na kama haikuandikwa hivyo, asiache habari ikukute ukiwa peke yako. Akupe mtu wa kukaa nawe kwenye kiti cha basi, akupe na nguvu za kuwa mtu huyo kwa mwingine. Amina.