Nani Alikaza Nyuzi za Makokha

Wanawake wenzangu wa Rhonda, mtaa wetu wa Nakuru, walioneana wivu wao kwa wao, na walikuwa na sababu zao. Mimi nilimwonea wivu kinyozi. Jina lake lilikuwa Ephantus Thuo, na kibanda chake kilikuwa karibu na mfereji tuliochotea maji, kikiwa na kioo kimoja kilichopasuka na kiti alichokinunua kwa mzungu aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Alikuwa mtu mpole, msafi, na hakuwahi kunikosea adabu hata siku moja. Nilimchukia kabisa.

Kisa kilikuwa gitaa. Mume wangu Makokha alikuwa seremala katika karakana ya Joginder Singh mjini, akitengeneza milango na madirisha. Gitaa lake alilinunua likiwa limepasuka mgongo, akaliziba mwenyewe kwa gundi na kipande cha mbao kilichobaki kazini. Uzi mmoja ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Lakini lilikuwa na sauti nzuri, siwezi kulinyima haki yake.

Tulihamia Rhonda mwaka wa sitini na saba, kwenye chumba kimoja cha udongo tulichokigawanya kwa maboksi. Upande huu kitanda na viti viwili, upande ule jiko langu. Mvua ikikosa, vumbi jeupe kutoka ziwani liliingia mpaka kwenye unga. Thuo alikuja Jumamosi Makokha akishatoka kazini, na Jumapili baada ya kanisa, gitaa lake likiwa ndani ya gunia la pareto. Vile viti viwili vilikuwa vyao. Mimi nilikuwa nyuma ya maboksi nikipika, na huko ndiko nilikogundua kwamba mume wangu ana maneno mengi. Kwangu alikuwa akisema chumvi imezidi, au chumvi imepungua, basi. Kwa Thuo aliongea, akabisha, akachekeshwa, akaeleza jambo moja mara tatu bila kuchoka.

Hakuna kati yao aliyesoma muziki popote. Nyimbo walizipata kwenye redio ya Madhu, mwenye duka pale barabarani, ambaye jioni aliiweka dirishani ili watu wasimame na wakisimama wanunue. Wimbo mpya ukipigwa waligawana kazi, ingawa hilo nililijua baadaye sana. Makokha alishika sauti ya chini, Thuo alishika ya juu, halafu wakarudi nyumbani upesi bila kufungua mdomo. Uwasalimu, hawakujibu, hata uwe mchungaji. Waliogopa wimbo usije ukamwagika njiani. Watu wasiowajua walisema ni wenye kiburi, na wale waliowajua waliwapisha. Waliingia kwangu hivyo hivyo, taya zimekazwa, wakashika magitaa hata kabla ya kuvua makoti.

Halafu wakaanza kuunganisha. Hapana, si hapo, rudi nyuma. Ngoja, mimi naingia wapi? Jaribu tena. Na vile vipande viwili vilipokutana, Makokha alicheka kicheko kimoja cha chini, cha mtu aliyeridhika mpaka kwenye mifupa. Mimi kicheko hicho sikuwahi kukisababisha. Nilikuwa nikikisikia huku nikisonga ugali kwa hasira, na kama ugali wangu ulikuwa mgumu miaka ile, sababu ni hiyo.

Wakati mwingine waliniita nigonge chupa ya soda kwa kijiko, wapate mapigo ya kufuata. Nilikwenda mbio, aibu yangu ni hiyo, nikagonga vizuri bila kukosea. Lakini kazi ilipokuwa ya maana Makokha aliniambia kwa upole, "Mama Nekesa, sasa tuachie kidogo," nami nikarudi kwenye moshi wangu. Siku moja niliomba nilishike gitaa nione uzito wake. Akacheka, akaniita kwa jina langu, akasema, "Achola, gitaa si sufuria." Thuo naye alicheka, halafu akatazama chini. Sikumsamehe yeyote.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi. Wapiga gitaa wa siku zile waliogopa kuibiwa. Makokha na Thuo walikuwa na namna yao ya kukaza nyuzi, tofauti na ya wengine wote, na ndiyo iliyofanya watu waulize kwenye harusi, hawa ni akina nani. Wapiga gitaa wa mtaa wa Bondeni walikuja kwenye harusi hizo si kwa ajili ya pilau bali kutazama vidole, na hawa wangu waliwapa mgongo. Kwa sababu hiyo, kila alipomaliza kupiga, Makokha alizilegeza nyuzi zote kabla ya kulitundika gitaa msumarini. Atakayelichukua akute waya tu, hazisemi kitu. Alifanya hivyo hata nyumbani kwake. Sasa niambie, nyumbani kwake kulikuwa na nani? Binti yetu Nekesa alikuwa bado ananyonya. Aliyekuwa akifichwa ni mimi.

Basi asubuhi moja, Makokha akiwa kazini na mtoto amelala, nililiteremsha.

Sikujua pa kuanzia, lakini nilijua zilivyolia. Kila Jumamosi nilizisikia zikikazwa moja baada ya nyingine wakati mimi nachambua mboga, na zilikuwa zimeniingia kichwani bila ruhusa ya mtu. Nikaimba ule uzi mnene kwa koo langu, nikazungusha kile kifungo cha juu polepole mpaka uzi na koo vikakubaliana. Halafu wa pili. Ilinichukua asubuhi nyingi. Kuna uzi mmoja uliokuwa ukinikataa, na siku ulipoingia mahali pake nilipitisha kidole juu ya zote, na gitaa likasema kitu kile kile lilichokuwa likisema kwao. Nililia. Nekesa aliamka akanitazama, akalala tena.

Kutoka hapo sikuweza kuacha. Nilitafuta wimbo wao mmoja, ule waliokuwa wakiupiga kila mara bibi harusi anapoingia. Huyu anapiga nini na yule anapiga nini, mimi sikujua. Kupitia maboksi muziki ulinifikia ukiwa kitu kimoja, na mimi nikautafuta wote. Kidole gumba kilibeba sauti ya chini, vidole vingine vikahangaika na ya juu. Niliona taabu kubwa, nikadhani taabu hiyo ndiyo yenyewe, ndiyo maana wanaume wanajisifu. Vidole vikaota sugu. Makokha aliviona, nikamwambia ni sabuni ya kufulia. Kabla hajarudi nilizilegeza nyuzi nikalitundika gitaa vile alivyoliacha.

Siku ya balaa, maji yalirudi. Mfereji ulikuwa umekauka kwa siku kadhaa, na ghafla nikasikia Mama Wangare, jirani yangu, akiita kwamba maji yamekuja. Nilitundika gitaa, nikabeba mtoto na madebe, nikakimbia. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, Makokha alikuwa ameketi kitandani na gitaa magotini.

Alipitisha kidole juu ya nyuzi. Zikalia zote, kila moja mahali pake, kwa ile namna yao ya siri.

"Nani alikuwa hapa?" akauliza.

Nilimwambia hakuna mtu.

"Thuo alikuja?"

"Thuo akuje kufanya nini mchana, na wewe haupo?"

"Hiyo ndio nauliza."

Nikaelewa hesabu yake. Nakuru nzima watu waliojua kukaza nyuzi vile walikuwa wawili. Mmoja alikuwa karakana kwa Joginder Singh tangu asubuhi. Wa pili alikuwa kinyozi, mtu wa kufunga kibanda chake saa anayotaka.

Ningeweza kusema hapo hapo. Sikusema, wala sijuti. Tangu anioe, Makokha hakuwa amenitazama hivyo. Alinitazama uso, akatazama kanga niliyovaa, akatazama mikono yangu, kama mtu anayetaka kujua kila kitu kilichonipata tangu asubuhi. Wivu ulikuwa umekaa kwangu peke yangu miaka yote hiyo, na sasa nilimwona nao usoni. Nilisikia raha. Nilimpakulia chakula taratibu.

Yeye hakupiga kelele. Aliacha kunyolewa. Ndevu zake alikuwa akizinyoa kwa Thuo tu, na sasa zikaota ovyo, mtaa mzima ukazisoma. Jumamosi Thuo alipobisha hodi na gunia lake, Makokha alimwambia mlangoni kwamba anaumwa, akafunga. Walikuwa wameitwa kupiga kwenye harusi kule Keringet, na hakuna aliyejua kama watakwenda. Mama Wangare aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna. Nyumba ikawa kimya, na mimi nyuma ya maboksi nikajikuta nikitega sikio, nikisubiri kitu ambacho nilikuwa nimekichukia. Hilo sikulitegemea.

Halafu jioni moja akaniambia, sauti ya chini kabisa, kwamba mwisho wa mwezi atanipeleka kwetu. Nekesa atabaki na nyanya yake, mama mzazi wa Makokha, kule Kimilili.

Raha yangu yote ilikatika. Nilijua hatanii, na nilijua kwa desturi za pande zote mbili, kwao na kwetu, mtoto ni wa baba, hakuna mzee atakayenitetea. Niliongea haraka mpaka nikakosa pumzi. Nikamwambia amwite Thuo, aniulize mbele yake, na baada ya hapo kama bado anataka kunifukuza nitafunga mzigo mwenyewe.

Thuo alikuja Jumamosi akitabasamu, na gunia lake, maskini, akidhani mgonjwa amepona. Makokha hakumpa kiti.

"Nyuzi za hii gitaa zilikazwa mchana nikiwa kazini," akamwambia. "Vile tunakaza sisi. Hiyo tunajua watu wawili peke yake."

Thuo alichukua muda kuelewa anachoambiwa. Alipoelewa, gunia lilimteleza mkononi. Alisema hajawahi kuvuka mlango ule Makokha akiwa hayupo, akaapa kwa kaburi la mama yake. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza.

"Tunajua watatu," nikasema.

Nililiteremsha gitaa. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Niliketi kwenye kiti kimojawapo cha vile viwili, ambavyo nilikuwa nimevifuta vumbi miaka yote bila kuvikalia muziki ukipigwa, nikaanza kukaza. Niliimba uzi mnene kwa koo, nikauvuta mpaka ukafika. Wa pili. Wa tatu. Ule uliozoea kunikataa ulikataa tena, kisha ukakubali. Halafu nikapiga wimbo wa bibi harusi, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Makokha alikuwa amesimama dirishani. "Amekufundisha," akasema.

Thuo akatikisa kichwa. "Makokha, sikiliza vizuri. Shemeji anapiga yako na yangu, zote mara moja. Mimi hiyo siwezi. Na wewe huwezi. Nani angemfundisha?"

Nikashangaa kuliko wao. Ndipo nilipojua kwamba ule wimbo ulikuwa nusu mbili, na kwamba mimi nilikuwa nimebeba peke yangu mzigo wa watu wawili.

Thuo hakungoja ruhusa. Alitoa gitaa lake kwenye gunia, akavuta kiti cha pili, akaniambia nianze tena. Tulipoanza tuligongana, kwa sababu sikumwachia nafasi. Kila alipotaka kuweka kidole mimi nilikuwa nimeshafika. Akasema, "Ya juu niachie mimi." Ilinibidi nivizuie vidole vilivyokuwa vimehangaika kwa miezi, nibaki na gumba tu. Nilidhani itakuwa hasara. Lakini sauti yake ilikuja ikakaa juu ya yangu, sikuifanya mimi na bado ilikuwa yangu, na kila nilipokwenda nilimkuta. Kumbe ndicho walichokuwa wakikipata humu ndani. Nilicheka. Kicheko kilinitoka cha chini, na nilipokisikia nikajua kinafanana na cha nani.

Tulipomaliza, Makokha alikuwa bado dirishani. Nilitegemea aibu usoni mwake, au furaha kwamba mke wake ni mwaminifu. Hakuna nilichokiona hata kimoja. Alikuwa akivitazama vile viti viwili, na sisi tumevikalia.

"Afadhali ingekuwa ni mwanamume," akasema. "Ningejua la kufanya."

Thuo alicheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kila kilichokuwa kikimtafuna. Nilikuwa nimekila kila Jumamosi tangu tuhamie Rhonda. Thuo akaona afadhali ajiendee, akachukua gunia lake, akaaga. Kuhusu mimi kurudi kwetu hakuna aliyeongea tena, si siku hiyo wala baadaye.

Nilipika chai. Makokha aliiacha ikapoa. Kisha akakaa kwenye kiti alichokiacha Thuo, magoti yake karibu na yangu, akakitazama kidole changu gumba.

"Kinaanzia uzi gani?" akauliza.

Nikamwacha aulize mara ya pili.