Dereva Mwenye Jicho Jeusi

Haydn Prosser alikuwa akimpiga mkewe kila Ijumaa akitoka kwenye kiwanda cha chuma, na Jumatatu mkewe, Eluned, alikuwa mezani jikoni akipaka rangi nyuso za madereva. Kiwanda cha vigari vya kuchezea, vile vinavyoiga magari ya filamu na televisheni, kiliwagawia wanawake wa mji wa Morriston madereva wa plastiki wawapake nyumbani. Dereva mmoja hazidi punje ya haragwe. Unampaka nywele, unampaka koti, unamtia macho kwa brashi yenye unywele mmoja. Mkono ukitetemeka, umeharibu.

Mwaka wa 1968 Haydn alikuta meza imejaa madereva na chakula hakuna, akamtandika Eluned kwa kikaango. Jicho la kushoto likavimba likafunga, mdomo ukapasuka. Eluned hakulia. Alichanganya nyekundu na buluu, akampaka dereva mmoja jicho kama lake, upande ule ule, akamtia katikati ya wenzake mia. Kiwandani mkaguzi hakuona. Ijumaa iliyofuata Haydn aliponyanyua mkono, Eluned aliuvunja kwa chuma cha kuchochea moto. Mfupa ulisikika hadi kwa jirani. Haydn hakumgusa tena mpaka alipokufa, wala hakutubu, tusidanganyane.

Uzeeni Eluned akaanza kuvinunua vile vigari. Mkono wake aliujua: nyusi zote alizipandisha kidogo kulia. Alikuwa na sitini na kimoja kabatini. Alichokitaka hasa kilikuwa kimoja tu, kile cha dereva mwenye jicho jeusi.

Alikikuta kwenye gulio la wakusanyaji, katika ukumbi wa shule kule mji wa Neath. Muuzaji, Roy Tucker, alikuwa amekishika juu na wanaume wamemzunguka.

"Njooni mumwone mpelelezi wetu wa televisheni wa Jumamosi jioni, jicho limevimba!"

"Mkewe kamfuma!"

"Kachelewa kurudi, kala mwiko!"

Eluned akawapenya kwa viwiko. "Nakitaka hicho."

"Paundi mia nne, bibi. Na mikono mfukoni."

"Nina mia na ishirini."

"Basi kitazame bure. Hili ni kosa la kiwandani, halina ndugu duniani. Mwanamke aliyepaka alikuwa kalewa chakari."

"Aliyepaka ni mimi. Na siku hiyo sikunywa hata chai, maana mdomo ulikuwa umepasuka."

Tucker akamtazama Eluned jicho la kushoto, akamtazama dereva, kisha akavuta kalamu.

"Kweli? Basi niandikie hapa kwamba ulipigwa, utie sahihi. Watu wanapenda hadithi. Nitakiuza mia sita."

"Hutaniuza mimi."

"Nimeshakuuza, mama. Bado bei tu."

Eluned akakinyakua kigari, akakigonga ukingoni mwa meza, kioo kikaruka. Akamchomoa dereva kwa ukucha, akamweka sakafuni, akamsaga kwa kisigino. Plastiki ya miaka ile hupasuka kama ganda la yai. Miaka kumi na minne alikuwa akimtafuta yule dereva.

Tucker akampiga ngumi ya mdomo. Mwanamke wa miaka sabini na tisa! Alianguka katikati ya masanduku, vigari vikamwagika hadi mlangoni, na wale waliokuwa wakicheka wakainama kuokota vigari, si kumwinua yeye.

Akajiinua mwenyewe. Fimbo yake ilikuwa ya mti mgumu. Ya kwanza ilimpata Tucker sikioni, ya pili puani, na damu ikarukia masanduku halisi ya vigari yaliyotunzwa miaka hamsini bila doa. "Masanduku yangu!" Tucker akapiga kelele, badala ya kulilia pua. Eluned akaendelea mpaka fimbo ikakatika, ndipo Gwilym, msimamizi wa gulio, akamkumbatia kwa nyuma.

"Mama Prosser, inatosha! Toka kwa mlango wa nyuma. Nitasema sikukuona."

"Mlango wa nyuma apite yeye. Waite polisi."

"Watakukamata na wewe, mama."

"Wanikamate. Nimempiga, nitasema nimempiga. Na yeye kanipiga mbele ya watu arobaini, nataka iandikwe."

Akavuta kiti cha Tucker, akakikalia. Damu ilimchirizika kidevuni ikadondokea koti. Gwilym akatoa leso, akainama kumpangusa.

Eluned akamsukuma mkono. "Usifute. Waione kwanza."