Vidoti vya Jirani Yangu wa Meza

Jirani yangu wa meza haoni karatasi akaiacha safi. Huchora vidoti, kila kidoti kipande cha kitu, kisha huviunganisha kwa mistari akivinong'oneza, "Na wewe, unamjua nani hapa?" Vidole vyake vina wino mpaka kwenye kucha, chai yake hupoa haijaguswa. Anaifundisha kompyuta kutambua vitu pichani kwa kukadiria kipande gani huelekea kukaa karibu na kipi. Wiki nzima kompyuta iliona magurudumu mawili ya baiskeli ikasema ni miwani. Tulicheka mbavu zikauma, yeye wala. Leo akaongeza mstari mmoja, kutoka gurudumu hadi usukani, akauingiza kwenye kompyuta. "Gurudumu likishajua usukani uko wapi, halitajidai tena kioo cha miwani!" akasema, sauti ikipanda kama ya mtu aliyemwona nduguye ng'ambo ya barabara. Akaifunika baiskeli yake shuka mbele ya kamera, ikachungulia ncha ya usukani na kipande cha gurudumu tu. Tukabana pumzi. Kompyuta ikaandika: baiskeli, asilimia tisini na mbili. Ofisi nzima vifijo! Tulipogeuka kumkumbatia, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshaingia chini ya shuka, anaipapasa baiskeli na kuiambia, "Umeonekana, mama! Umeonekana!"