Godlisteni Alivyomfariji Mama

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, na nikiikumbuka hata sasa hasira hunipanda. Kijana mgeni aliingia nyumbani kwetu Mwika, koti lake la jeshi limelowa chepechepe. Mama akampa kiti, akaniambia nimpakulie mtori. Kijana akakataa kula.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimekuja kukupa pole ya Aminieli."

"Pole ya nini?" mama akauliza.

Aminieli alikuwa kaka yangu mkubwa. Alikwenda vita vya Uganda pamoja na jirani yetu, Godlisteni. Vita vilipokwisha, Godlisteni alirudi peke yake, na mama alimkimbilia barabarani kumuuliza habari za mwanawe. Godlisteni akamshika mabega. "Usiwe na wasiwasi, mama. Aminieli ni mzima. Wamembakiza kule kwa kazi kidogo, yuko njiani."

Basi mama akangoja. Aliivisha ndizi za mbege, pombe yetu, ya kumpokelea mwanawe, zikaoza, akakata mkungu mwingine. Nguo za Aminieli alizifua, akazikunja, na baada ya muda akazifua tena. Basi la kutoka Moshi likisimama, aliacha kila kitu akaenda kutazama wanaoshuka. Na Godlisteni alikuwa akipita palepale, akimwamkia.

Kumbe mtu alikwishazikwa zamani. Yule mgeni, aliyekuwa nao vitani, alidhani tunajua. Akatuambia pia kwamba Godlisteni ndiye aliyekuwa naye alipokata roho.

Majirani wakajaa. Mzee mmoja wa usharika wa kanisa letu akasema, "Jikaze, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Mwanamke mwingine akamwambia ashukuru, maana bado ana sisi watoto wengine. Mama akainua uso.

"Mtoto ni kuku, akifa mmoja nihesabu waliobaki bandani?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wengi waliokuja siku ile walikuja kuuzima tu, kama mtu anavyozima moto kwa sababu ya moshi unaomwingia machoni.

Kesho yake Godlisteni alikuja na mjomba wake, ameshika jani la sale. Wewe uliyekulia mjini huenda hujui. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea jani hilo, humnyimi msamaha. Ni mwiko. Mama alilitazama asilipokee.

"Mama, nilitaka kukufariji," Godlisteni akasema. "Nilikuona unavyonikimbilia, nikashindwa."

"Ulijifariji wewe." Sauti ya mama ilikuwa ya chini. "Hukutaka kuniona nikilia. Ukaniacha nafua nguo za maiti, na unapita hapo unaniamkia. Kilio cha mwanangu kilikuwa changu. Umeninyang'anya."

Mjomba akajaribu kuingilia. "Shemeji, mila yetu inasema..."

"Mila naijua. Sale nitaipokea. Lakini kwanza akae hapa aniambie mwanangu alikufaje. Alipata maji?"

Godlisteni akakaa. Akaeleza walivyokuwa wakivuka shamba la migomba kama hii yetu, risasi ilivyompata Aminieli tumboni, alivyompakata akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, na jinsi Aminieli alivyomwita mama yake kwa Kichagga. Mama aliuliza, naye alijibu bila kuficha. Mwishowe mama akalia kilio ambacho sijakisikia tena maishani. Godlisteni hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono mpaka akatulia, ndipo mama akalichukua lile jani.

Mimi sikuwa mwepesi hivyo. Miaka mingi nilimpita Godlisteni njiani nikiitikia kwa kichwa tu. Sale alipewa mama, sikupewa mimi.

Ndiyo maana nakasirika, mwanangu, nikikusikia msibani ukisema, "Usilie, yatapita." Nani kakwambia yatapita? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na uongo wa huruma nao ni maradhi. Ukienda kwa mwenye msiba, sema pole, kisha ukae. Pole inatosha. Ukimkumbuka marehemu, litaje jina lake, useme ulilolijua juu yake. Mgonjwa akikuuliza kama atapona, nawe hujui, mwambie hujui, lakini kesho utakuja kumwona. Halafu uje kweli, maana ahadi kwa mgonjwa haichezewi. Na ukikosa neno kabisa, mchotee maji, umwashie moto. Usimkataze mtu kulia ili wewe upate kupumzika.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe moyo wa kuketi na wenye uchungu bila kuwakimbia, na siku yako ya machozi ikifika, akuletee mtu wa kuketi nawe.