Yadi Moja ya Ziada

Siku ya tatu tangu ndege ndogo aliyopanda kaka yangu ipotee kwenye milima ya bara, mama alikwenda Darajani kununua bafta ya sanda. Nilimkasirikia sana. Majirani wamejaa ukumbini wanamsomea dua arudi salama, yeye mama mtu ananunua sanda!

"Na mimi namuombea," alinijibu. "Lakini kama kafa, sitaki azikwe na matambara ya watu. Nimeongeza yadi moja. Kaka yako mrefu yule, usije ukamuacha miguu nje."

Niliitia sanda ile begini chini ya nguo zangu, pamoja na kafuri, nikapanda boti kwenda bara kumtafuta, nikiwa bado nimenuna.

Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe. Mlima niliouzoea ni ngazi za nyumba yetu, na hizo tu hunitoa pumzi. Kule nilifika na makubadhi. Wanakijiji waliotuongoza waliitazama miguu yangu, wakaniazima mabuti ya mvua. Siku nne tulipanda na kushuka ndani ya ukungu, jamaa wa abiria wote, kila mmoja akiita jina la mtu wake. Begi langu sikukubali mtu anibebee. Niliona haya kumwita kaka yangu kama mtu aliye hai na huku sanda yake naichukua mgongoni.

Siku ya tano tuliliona bawa limekwama juu ya mti. Chini yake kila kitu kilikuwa kimeungua. Watu wanne walikuwamo, na hapakuwa na wa kumtenga na mwenzake. Mzee mmoja Mkristo, aliyekuwa akimtafuta binti yake, alivua koti lake kuwafunika, halikutosha. Alibaki amesimama amelishika tu.

Nikafungua begi. Tuliikata bafta ya mama kwa panga, vipande vinne, na kila mmoja wetu akafunga ndani yake alichoweza kukusanya. Tukawazika pamoja chini ya mlima, mzee yule akiomba kwa dini yake na mimi kwa yangu.

Niliporudi, mama alilichukua begi, akatia mkono ndani, akalikuta tupu.

"Ilimtosha?"

"Ilimtosha, mama."

"Na miguu?"

"Na miguu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Unaona ile yadi moja ilivyofaa."