Ndimu kwenye Rejeta ya Mama

Harufu ya rejeta iliyochemka naijua kuliko harufu ya pilau. Ni harufu ya kutu, mpira wa moto na vumbi lililorowa, na msimu ule wa kabichi tuliinusa kila tulipoanza kupanda mlima kurudi nyumbani Bura. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafoka kwenye boneti, Mama akaegesha pikapu kando, nami nikaruka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Kisha tulikaa tukingoja, maana rejeta ya moto haifunguliwi. Wapita njia walikuwa na muda tele wa kutuhurumia. "Pole mama, hilo gari ni la kuuza," walisema, kana kwamba kuna aliyewauliza. Naichukia huruma yao mpaka leo.

Aliyetaka liuzwe kuliko wote ni Baba mdogo Mwandoe. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na pikapu hiyo ndiyo ilifikisha mboga zetu soko la Voi. Bila hiyo kabichi zingeozea shambani. Baba mdogo alimwambia Mama mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, gari si mambo ya jikoni. Likichemka tena, Jumamosi naja na mnunuzi, na ufunguo utanipa." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama hakulia. Alisema tu, "Haya, njoo," akaendelea kufunga mboga.

Fundi wetu wa Voi alikuwa ameshang'oa themostati, kile kidude cha kudhibiti maji ya injini, akaitupa, kama mafundi wengi wa huko kwenye joto, wakiamini injini itapoa vizuri bila hiyo. Wapi! Sasa akasema gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekufa, injini ifunguliwe yote. Mama akagoma. Alichomoa kijiti cha oili, akanionyesha. "Wakesho, unaona? Ni nyeusi. Maji yangeingia humu, ingekuwa kama chai ya maziwa." Akapapasa rejeta: juu ilikuwa ya moto, chini baridi. "Maji hayapiti," akasema, "na mimi nitajua kwa nini."

Alijua Ijumaa, tulipopeleka kabichi kwa Mama Zuhura, mteja wetu mwenye hoteli pale sokoni. Tulimkuta akisugua birika kwa ndimu huku akiyalaani maji ya kisima cha Voi na chumvi yake. Ndani ya birika kulikuwa na magamba meupe, magumu kama chokaa. Mama aliyatazama, akatoka bila kuaga. Gari lilikuwa limepoa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akatia kidole, kikatoka na magamba yale yale. Jamani! Kila siku ya soko, kabla ya kupanda mlima, tulikuwa tukijaza rejeta kwa maji hayo hayo ya kisima, tukidhani tunaisaidia.

Tulikamua ndimu hadi vidole vikawasha. "Wallahi, Mama Wakesho, leo unalipikia gari achari!" Mama Zuhura akacheka, lakini ndimu zake alizitoa zote. Wanaume wa gereji ya jirani walicheka pia, kicheko cha aina nyingine. Mama akamimina maji ya ndimu, akaacha injini iungurume, akaizima ipoe, akayafungulia maji chini ya rejeta. Yakatoka maji mazito ya rangi ya uji, yenye magamba. Akarudia, akarudia tena, hadi yakatoka safi, kisha akasuuza na kujaza kwa maji ya mvua kutoka tangi la Mama Zuhura. Mwisho akamwita fundi na kumsimamia hadi akafunga themostati nyingine.

Jumamosi tulipanda na mzigo wa mbolea. Nilikodolea mshale macho hadi yakauma. Ulifika katikati, ukakaa hapo, kona baada ya kona. Uani tulimkuta Baba mdogo na mnunuzi aliyevaa shati la pasi. Mama hakuzima injini. Aliiacha iungurume mbele yao hadi wakamaliza chai. "Mwambie mgeni wako anunue kabichi," akasema.

Siku hizi kulanti, maji maalumu ya rejeta, inauzwa kwa chupa kila kituo cha petroli, na wanawake wanaoshusha mboga Voi kwa magari yao wenyewe si wachache. Mimi ni mmoja wao. Lakini nikifungua boneti barabarani, bado hutokea mwanamume akauliza mwenye gari yuko wapi. Namwambia anaongea naye, na kama hana kazi, anishikie spana.