Bata Ndani ya Kinanda cha Froukje

Tjibbe Wiarda, tarishi mstaafu wa mji wa Dokkum, Uholanzi, alikuwa bingwa wa redio. Kama huamini, angekueleza mwenyewe. Kila alipozungumza hewani na wenzake wa Ureno, kinanda cha umeme cha jirani yake Froukje kilitoa sauti ya bata mgonjwa katikati ya wimbo wa kanisani.

"Mzee Tjibbe, bata wako kaja tena!" Froukje alimwita kutoka uani.

"Kinanda chako kibovu, mama. Mitambo yangu haina kasoro."

Alishikilia hivyo miaka miwili, mpaka maikrofoni yake ilipomchoma mdomo. Ndipo bingwa wetu alipogundua kwamba umeme wa redio ulikuwa ukirudi nyumbani kwa kupitia nje ya waya wa antena. Akanunua pete nne za feraiti, kauri yenye chuma, akauzungusha waya humo mara kadhaa ili kuuzuia umeme huo.

Bata akanyamaza. Tjibbe akaenda kwa Froukje, mdomo umevimba, keki ya tufaha mkononi.

"Nimekutengenezea kinanda," alisema.

"Bila hata kukigusa!" Froukje akaipokea keki. "Kweli wewe fundi, bwana."